Nilikwenda Songea Kufuata Bodi

Kila mtu ananiuliza kivyake, na kila mtu ameshasikia yake. Dada mmoja wa kwaya ameniuliza kama ni kweli nilirudi na jeneza tupu. Basi naandika mara moja, mpeane msome, halafu mniache. Jinsi nilivyompata muuzaji mtandaoni na mambo ya tiketi naruka, hayana utamu wala uchungu.

Kawetele hadi Uyole

Kwa asiyejua kazi yangu, mimi napiga picha Tukuyu. Harusi, kipaimara, mahafali, na zaidi ya vyote misiba. Nilikuwa na kamera moja tu. Siku moja huko Masukulu, jeneza la bibi mmoja limefunguliwa watu waage, kamera ikagoma. Nilibonyeza, ikalia kama panya aliyebanwa, kioo cha ndani kikakwama juu. Binti wa marehemu akanitazama, mimi nikaitazama kamera, jeneza likafungwa. Harusini unaweza kuwaambia maharusi rudini mkate keki tena. Pale unamwambia nani arudi? Fundi wa Mbeya aliifufua ile kamera, lakini sikuiamini tena. Nikaamua kununua bodi ya pili, hata kama imetumika. Bodi ndiyo kamera yenyewe bila lenzi. Lenzi ninazo. Wapiga picha wote wanaiita hivyo, si mimi niliyelianzisha hilo neno.

Kwa nini Songea? Najua mnapotaka nifike, nafika. Bodi niliyoitaka ilikuwa Songea kwa sababu muuzaji anaishi Songea. Basi. Lakini ni kweli pia kwamba Gwamaka, baba yake Lusajo, alielekea huko huko. Alikuwa anapakia malori ya makaa ya mawe Kiwira, kazi ikapungua, wenzake wakamwambia upande wa Mbinga, mbele ya Songea, kuna makaa mengine. Alipoondoka Lusajo hakuwa na jino hata moja. Akapiga simu kwa miezi mitatu, kisha namba ikawa haipatikani. Lusajo sasa anakimbiza kuku. Mimi nililia nikamaliza, ikabaki hasira, na hiyo hasira ndiyo inayoniamsha asubuhi kwenda kazini.

Mtoto nilimwacha Kawetele kwa mama mkwe.

"Nakwenda Songea, mama. Narudi keshokutwa."

"Songea?"

"Kazi, mama."

Alimweka Lusajo mgongoni, akakaza kanga, akailegeza, akaikaza tena. Hakuuliza zaidi. Nilipotoka uani nikasikia mtu anakohoa nyuma ya migomba. Huyo ni baba mkwe. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Tunaita kutila, ni kuogopa kwa heshima. Simtazami, hanitazami, sizungumzi naye, na jina lake silitaji hata hapa. Vijana wengi wameliacha jambo hili, lakini yeye ni wa zamani, na mimi nimemheshimu tangu nilipoolewa. Akisikia nimefika anazunguka kwa nyuma. Akikohoa, naelewa kwamba njia yangu ni upande mwingine.

Kiwira gari lilisimama kidogo, nikanunua ndizi mbivu za njiani. Uyole nikapanda basi la Songea.

Uyole hadi Makambako

Kiti cha pembeni alikaa mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mtu wa Njombe, kofia ya sufu, sanduku dogo magotini kama ana mayai ndani. Kabla hatujafika Chimala alikuwa ameshanisahihisha mara nne. Nilisema "chaja", akasema "kichaji". Nilisema "meseji", akasema "ujumbe, binti, ujumbe". Akaniuliza nafuata nini Songea.

"Bodi."

"Bodi ya shule?"

"Bodi ya kamera, mwalimu. Kamera bila lenzi."

"Bodi ni Kiingereza hicho. Kwa Kiswahili ni mwili."

"Mwalimu, nikisema nimenunua mwili wataniita mchawi."

"Lugha haina aibu. Mwili wa kamera."

Tulicheka. Alikuwa mtu mzuri, nasema hivyo mapema msije mkamchukia. Nilimpa ndizi, akanipa karanga za kukaanga kutoka kwenye lile sanduku.

Basi likakaa Makambako muda mrefu, dereva anabishana na mtu wa magunia. Watu walishuka wakala chipsi mayai. Mimi nikawa nafikiria ile kanga iliyokazwa mara mbili. Nikajua mama mkwe ameshajenga matumaini kwamba namfuata Gwamaka. Hilo lilinikera. Sikutaka mtu akae Kawetele anatazama barabara kwa ajili ya mwanamume asiyepiga simu. Nikapiga nimwambie kabisa nimefuata nini.

"Haloo," ikajibu sauti nzito.

Si mama. Ni yeye. Nikaiondoa simu sikioni kama imeniunguza.

"Vipi, binti?" mwalimu akauliza.

"Baba mkwe," nikanong'ona. "Siwezi kuongea naye, kwetu ni mwiko. Ongea wewe. Muulize mtoto anaendeleaje. Halafu mwambie ninakwenda Songea kuchukua bodi, narudi nayo keshokutwa. Basi."

Mwalimu alijiweka sawa kitini, akakohoa, akaongea kwa ile sauti ya kusoma risala.

"Habari za huko, mzee mwenzangu. Mimi ni msafiri mwenzake mkweo. Yuko hapa kando yangu, ila hawezi kuzungumza. Hapana, hawezi tu kwa sasa. Anauliza hali ya mtoto. Vyema, vyema. Ameomba mjulishwe kwamba anakwenda Songea kuchukua mwili. Ndiyo, mzee. Mwili. Keshokutwa atarudi nao. Haloo? Haloo?"

Akanirudishia simu. "Mtandao umekatika. Mtoto hajambo, anakula. Mzee wako mtu mpole sana. Amenyamaza tu."

Niliposikia ule "mwili" nilicheka. Nisiwafiche. Nilicheka mpaka mama wa kiti cha mbele akageuka. Sikufikiri hata kidogo. Kwetu mtu akisema amekwenda kuchukua mwili, hakuna anayeuliza mwili wa nini. Kinachobaki kuuliza ni wa nani, na wao walijua tayari nani yuko upande ule.

Nilitaka wasiwe na matumaini. Hilo angalau lilifanikiwa.

Njombe hadi Songea

Njombe mwalimu alishuka. Baridi ile, watu wamejifunika kama wagonjwa. Aliniambia, "Safari njema, na uutunze huo mwili." Nikacheka tena.

Kwenye milima ya Lukumburu basi likazima. Fundi aliingia chini, tukabaki tunaona miguu yake tu. Saa moja, mbili, tatu. Abiria mmoja alimpigia kelele, "Fundi, umelala huko?" Miguu ikajibu, "Njoo ulale wewe!" Mama mmoja alikuwa na ndoo ya viazi vya kuchemsha, akatugawia wote, hakutaka kitu. Mimi nikapiga picha ya basi limefunguliwa boneti, nikaiweka kwenye status, nikaandika: "Safari ngumu kuliko zote." Kidogo simu ikazima, chaji imekwisha.

Hebu fikirini mtu wa Kawetele anayeisoma status hiyo akiwa ameshaambiwa habari ya mwili.

Tulifika Songea nimechoka hata jina langu silikumbuki. Nyumba ya wageni haikuwa na umeme. Nililala na begi.

Songea

Muuzaji anaitwa Haule. Anapiga picha za harusi na siku hizi amehamia kwenye zile kamera ndogo za kisasa zisizo na kioo ndani, ndiyo maana akaiuza ile ya zamani. Mtu wa mzaha. Umeme ulikuwa umerudi, nikachomeka simu, nikaanza kuikagua bodi. Nilipiga ukuta mweupe nitafute madoa, nikapiga anga, nikasikiliza mlio. Kwenye kompyuta tukatazama imeshapiga picha ngapi tangu itengenezwe. Ilikuwa bado na maisha.

"Raba ya kushikia imelegea," nikamwambia.

"Hata tumbo langu limelegea, na mke wangu hajanirudisha dukani."

Mke wake alikuwa anaingia na ugali na dagaa wa Nyasa. "Nani kakwambia sijaulizia?" akasema.

Nikala, nikacheka. Simu ilipowaka ukaingia ujumbe wa Tusekile, rafiki yangu wa kwaya: "Pole sana mama Lusajo, tumesikia. Mungu akutie nguvu. Umeshaipata?"

Nikajua ameona status ya basi, na habari ya bodi kaambiwa na mama. Nyie mnajua sisi neno pole tunalitumia kwa kila kitu. Basi limeharibika, pole. Umejikwaa, pole. Nikamjibu haraka haraka huku mkono una dagaa: "Asante dada. Nimeipata, haina mkwaruzo hata mmoja. Narudi nayo kesho." Kisha nikaizima simu kubakiza chaji ya njiani, maana umeme ulikuwa unakwenda na kurudi.

Baadaye Tusekile aliniambia aliusoma ule ujumbe mbele ya watu ishirini. Wakasema Mungu ni mwema, maiti haikuharibika.

Mke wa Haule ndiye aliyeniuliza kwa nini nimekuja peke yangu mbali hivi. Ikanitoka tu: "Mume wangu yuko upande wa Mbinga. Kama yupo."

"Haa! Mbinga si hapo tu?" Haule akasema. "Saa mbili. Nenda sasa hivi, jioni umerudi."

"Sikufuata mwanamume. Nimefuata kamera."

"Dada, hasira yako inawaka kuliko flashi."

Mke wake hakucheka. "Ukirudi kwenu wakakuuliza kama ulimwona, utawaambia nini?"

"Hakuna atakayeniuliza."

Nilikuwa na mchana mzima. Basi la kurudi ni la kesho yake asubuhi. Nilikwenda stendi kujaribu kamera, nikapiga picha za wauza matunda, nikapiga njiwa. Magari ya Mbinga yalikuwa pale pale, yanaita. Konda mmoja akashika begi langu: "Mbinga, dada? Siti ya mbele!" Nikamwambia atoe mkono wake kabla sijampa wangu. Akaruka pembeni, wenzake wakamcheka. Nikakaa kwenye benchi nikatazama magari matatu ya Mbinga yakijaa na kuondoka. Niliyahesabu. Hili sikumwambia mtu mpaka sasa.

Songea hadi Uyole

Hakuna cha kusimulia. Basi halikuharibika. Nilikuwa na bodi kifuani kama mtoto, nimeridhika, nawaza misiba nitakayoipiga bila wasiwasi.

Kawetele

Nilichukua bodaboda kutoka barabara kuu. Dereva alikuwa ananifahamu kwa sura. Alikataa kunitajia nauli, akasema tu, "Twende, dada, pole." Nikasema asante, nimechoka kweli.

Tulipopinda kwenye kona nikaona turubai.

Wanaume wamekaa kwenye mabenchi. Wanawake wamejifunga vitenge kiunoni, masufuria makubwa yako motoni. Mikungu ya ndizi imekatwa, imelazwa ukutani. Hiyo ndiyo nyumba nilikomwacha mwanangu.

Niliruka pikipiki haijasimama. Nilikimbia naita, "Lusajo! Lusajo!" Waliponiona wakapiga yowe kwa pamoja, na lile yowe likanithibitishia. Nikaanguka kwenye matope. Mama mmoja akanishika, mwingine akanishika, wote wanalia, na mimi nawauliza amekufa saa ngapi, alikuwa anaumwa nini, na hakuna anayeelewa ninachouliza. Mpaka nikamwona. Amekaa miguuni kwa Tusekile, mdomo umejaa ndizi, ananitazama kama mgeni.

Nilimkamata nikambana hadi akalia.

Mama mkwe akatoka ndani. Wamemshika huku na huku. Akaitazama barabara nyuma yangu, akaitazama bodaboda.

"Gari liko wapi?" akauliza.

"Gari gani, mama?"

"Lililombeba. Mwanangu yuko wapi?"

Shangazi wa Gwamaka akasema kwa nguvu, "Usimfiche mama yake! Mwili uko wapi?"

Hapo ndipo nikamsikia yule mwalimu, neno kwa neno. *Hawezi kuzungumza. Anakwenda kuchukua mwili.* Nikafungua begi. Sikujua nifanye nini kingine. Nikaitoa bodi, nikaishika juu watu waone.

"Mwili ni huu," nikasema. "Ni kamera. Gwamaka sijui aliko. Hakuna aliyefariki."

Kijana mmoja alicheka, akazibwa mdomo na mama yake. Mchungaji alisimama akasema tumshukuru Mungu. Wengine wakaanza kupiga vigelegele, lakini havikuendelea, maana mama mkwe alikuwa bado ananitazama mikononi.

"Kwa hiyo hukuja naye," akasema.

"Hapana, mama."

"Nilikuwa nimeshamchagulia mahali. Pale karibu na babu yake." Akaketi chini. "Siku mbili nilijua alipo."

Nilifikiri nitaleta furaha, kumbe niliwanyang'anya na kile kidogo. Watu hawakuondoka. Chakula kilikuwa kimepikwa, wakala kimya kimya, na baada ya kula wanawake wawili watatu wakarudi kulia, taratibu, bila kujua wanamlilia aliye hai au aliyekufa.

Nikamsikia anakohoa. Nikageuka upande wa pili kama kawaida, nimefunika uso kwa kanga. Lakini hatua zake hazikupinda. Zilikuja moja kwa moja mpaka nikaona viatu vyake vya mpira mbele yangu. Wazee kwenye benchi wakageuza nyuso zao.

"Nitazame," akasema.

Nikamtazama. Sikujua kwamba ana macho ya Gwamaka. Miaka yote hiyo sikujua.

"Ulikuwa Songea siku nzima."

"Ndiyo, baba."

"Kutoka Songea mpaka Mbinga ni saa mbili. Nimewauliza madereva."

"Ndiyo, baba."

"Ulimtafuta?"

Mke wa Haule aliniambia wataniuliza, nikambishia. Ningeweza kudanganya. Ningesema nilikwenda, sikumwona, na wote wangenipa pole.

"Sikumtafuta, baba. Nilikuwa na hasira."

Alitikisa kichwa kwa muda, si kwa kunilaumu, ni kama mtu anayepokea mzigo na kuupima uzito. "Hasira hata mimi ninayo," akasema. "Nitakwenda mwenyewe. Nipe picha yake niwaonyeshe watu."

Nikamhamishia Lusajo bega la pili.

"Wewe ni mpiga picha. Nipe picha moja."

"Sina, baba. Nilizifuta zote."

Nimepiga nusu ya wilaya hii, walio hai na waliolala. Nimewapiga maharusi ambao wameshaachana. Picha za mume wangu nilikaa siku moja nikazifuta kwenye kadi, kwenye kompyuta na kwenye simu, moja moja, na kila ninapobonyeza najisikia vizuri. Mama mkwe naye hakuwa na yoyote, maana siku zote alisema mke wa mwanawe ndiye mwenye mashine.

Baba mkwe alimtazama Lusajo, aliyekuwa bado amening'inia shingoni kwangu na ndizi yake.

"Mpige huyo," akasema. "Gwamaka alivyokuwa mdogo alikuwa hivyo hivyo. Masikio hayo hayo."

Nikafunga lenzi kwenye bodi mpya. Yeye mwenyewe akamshika mtoto, akamgeuza uso kwenye mwanga. Nikapiga. Kesho yake nikamchapia Tukuyu, kubwa, akaiweka ndani ya Biblia ili isikunjike.

Ameondoka wiki iliyopita. Mnaoniuliza kama kamera ni nzima, ni nzima.

Jana alimpigia simu mama. Anasema vijana wa makaa wanamcheka: mzee, unamtafuta mtu mzima kwa picha ya mtoto anayekula ndizi? Yeye anawaambia watazame masikio. Wanacheka, wanaondoka. Ila kuna mmoja hakucheka. Aliishika picha kwa muda mrefu, akamrudishia kwa mikono miwili, akaenda zake bila kusema kitu. Baba mkwe anasema leo atamfuata tena.

Mama mkwe ameniuliza kama mtu mwenye habari njema anaweza kunyamaza hivyo. Nimemwambia nakuja kumjibu, namlaza mtoto kwanza.